Kulionyesha Wazo Bila Kumfichua Mgonjwa: Video ya Skrini kwa Wabunifu wa Huduma za Afya

Muuguzi anayejaza daftari la kliniki hufahamu ni mgonjwa wa aina gani hupotea katikati ya matibabu. Mtunza dawa hufahamu ni dawa ipi huisha kabla ya mzigo mpya kufika. Mtaalamu wa maabara hufahamu majibu hukwama katika hatua gani. Maarifa haya yanayotokana na kazi ya kila siku ndiyo chimbuko la mawazo mengi mazuri ya biashara katika sekta ya afya, yawe programu ya simu, mfumo wa kumbukumbu au huduma ya kusafirisha sampuli. Hata hivyo, wazo linalozaliwa katika zahanati ya Sikonge au Kaliua haliamuliwi hapo. Ofisi nyingi za mashindano ya ubunifu, mifuko ya ufadhili na wawekezaji zipo Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 840 kwa reli kutoka Tabora, na nyingine zipo nje ya nchi. Mara nyingi jaji haonani na mbunifu kabla ya mchujo wa kwanza. Huitazama video yake ya dakika mbili au tatu, kisha huamua.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza video hiyo kwa kutumia kompyuta au simu ya kawaida. Yanaeleza pia jambo ambalo miongozo ya biashara hulipita haraka: skrini ya mhudumu wa afya imejaa taarifa za watu wengine. Video inayomshawishi mwekezaji lakini ikamfichua mgonjwa mmoja imeshindwa kazi yake, kwa kuwa imeharibu imani ambayo huduma yenyewe inaitegemea.

Video ya skrini ni nini

Video ya skrini ni rekodi ya kile kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta au simu, ikiambatana na sauti ya mtu anayeeleza anachokifanya. Mtazamaji huona kishale kikisogea, kitufe kikibonyezwa na ukurasa ukifunguka, huku akisikia maelezo. Mbinu hii ilipewa jina lake la Kiingereza mwishoni mwa mwaka 2004, pale mwandishi wa teknolojia wa Marekani, Jon Udell, alipowaomba wasomaji wake wapendekeze neno la kuitambulisha. Wakati huo ilihitaji programu maalumu. Leo simu nyingi zina uwezo huo ndani yake: simu za iPhone tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, na simu za Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020. Kwenye kompyuta, programu ya OBS Studio hupatikana bila malipo, na PowerPoint ina kitufe cha kurekodi skrini.

Nguvu ya mbinu hii katika kunadi wazo ilidhihirika kwa kampuni ya Dropbox. Mwanzilishi wake, Drew Houston, alikuwa na wazo gumu kulieleza kwa maneno: mafaili ya mtu yajioanishe yenyewe katika kompyuta zake zote. Badala ya kuandika maelezo marefu, mwaka 2008 alirekodi video ya dakika chache akionyesha jambo hilo likitendeka kwenye skrini yake. Orodha ya watu waliosubiri kuijaribu huduma hiyo ilipanda kutoka 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Watazamaji hawakuambiwa kwamba huduma ni nzuri. Waliiona ikifanya kazi, wakatambua tatizo lao wenyewe ndani yake.

Wazo la afya huhitaji kueleweka kwa namna hiyohiyo. Jaji anaweza kuwa mhasibu au mhandisi ambaye hajawahi kuingia katika chumba cha kutolea dawa. Maneno kama "mfumo jumuishi wa ufuatiliaji" hayampi picha yoyote. Picha anaipata anapouona mkono wa muuguzi ukifungua orodha ya wagonjwa ambao hawajarudi na kuchagua atakayempigia simu.

Mzigo unaobebeka

Kosa la kawaida katika video za kunadi mawazo ni kutaka kusema yote. Mbunifu ameishi na wazo lake kwa miezi mingi, hivyo kila kipengele kwake ni muhimu. Matokeo yake ni video ya dakika kumi yenye kurasa ishirini, na mtazamaji huiacha kabla ya kufika kwenye kiini.

Historia ya Tabora ina funzo linalofaa hapa. Katika karne ya 19, mji huu, ambao wasafiri wa Ulaya waliuandika kwa jina la Kazeh, ulikuwa njiapanda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Burton na Speke walifika Novemba 1857 baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Njia hiyo ilibeba pia mateso ya watu waliouzwa utumwani, jambo lisilopaswa kusahauliwa kila inapotajwa. Hata hivyo, mizigo mingi ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na kazi yao ilikuwa na kipimo kinachofahamika: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Aliyepanga msafara alijua kwamba mzigo ukizidi kipimo haufiki, hata kama mpagazi ni hodari. Aidha, msafara ulikuwa na kirangozi mmoja aliyetangulia mbele, na wengine wote walimfuata.

Akili ya mtazamaji nayo ina kipimo chake. Mwaka 1988 mtaalamu wa elimu wa Australia, John Sweller, alichapisha nadharia ya mzigo wa akili, inayosema kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alifanya majaribio mengi kuhusu ujifunzaji kwa picha na sauti. Alionyesha kwamba watu huelewa zaidi pale mambo ya pembeni yanapoondolewa, pale mahali pa kutazama panapoelekezwa kwa alama, na pale picha inapoambatana na sauti bila maneno yote ya sauti kurudiwa kwa maandishi kwenye skrini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Philip Guo na wenzake, waliochunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo ya edX, uligundua kwamba umakini wa wanafunzi kwa kawaida haukuvuka dakika sita, hata video ilipokuwa ndefu zaidi. Hao walikuwa wanafunzi waliojiandikisha kwa hiari yao. Jaji mwenye maombi mengi ya kupitia huwa na subira ndogo kuliko wao.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni kwamba video moja ibebe tatizo moja, mtumiaji mmoja na tendo moja la kulitatua. Kipimo chepesi ni kulieleza wazo zima kwa sentensi moja kabla ya kurekodi. Mfumo wa m-mama, ulioanzia katika maeneo kama Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaeleweka kwa sentensi ya aina hiyo: mama mjamzito mwenye dharura hupigiwa simu ya bure namba 115, mratibu huipima hali yake kwa msaada wa programu, kisha hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii anayelipwa kwa njia ya simu. Sentensi hiyo inaonyesha anayehitaji msaada, anayeamua, anayesafirisha na namna malipo yanavyofanyika. Mbunifu asiyeweza kuandika sentensi ya namna hiyo hajawa tayari kurekodi.

Mfano wa kufuata

Ili kuyafafanua yanayofuata, makala haya yanatumia mfano wa kubuni. Timu ya wahudumu katika zahanati moja ya Mkoa wa Tabora imetambua kwamba baadhi ya wagonjwa wa shinikizo la juu la damu hukosa dawa kwa sababu ya kazi zao. Wafugaji nyuki hukaa porini kwa wiki kadhaa wakati wa kurina asali, na vibarua wa mashamba ya tumbaku huhama kwa msimu. Tarehe ya kliniki hupangwa bila kuzingatia safari hizo. Timu imetengeneza programu ndogo yenye kitufe cha "Safari": mgonjwa hutaja siku atakazokuwa mbali, programu huonyesha idadi ya siku ambazo dawa zinapaswa kutosha, mtabibu huamua, na tarehe mpya hupangwa. Asiporudi, jina lake huonekana kwenye orodha ya kufuatiliwa.

Video ya wazo hili inaweza kugawanywa hivi kwa dakika tatu:

Tatizo, sekunde 30. Video nyingi huanza kwa sentensi kama hii: "Sekta ya afya barani Afrika inakabiliwa na changamoto nyingi, na teknolojia ni nyenzo muhimu." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimwachii jaji chochote cha kukumbuka. Mwanzo wenye nguvu hutaja mtu na tukio: "Mfugaji nyuki mwenye shinikizo la juu la damu anaingia porini kwa wiki sita. Dawa alizopewa ni za wiki nne. Kwa wiki mbili atakuwa bila dawa, na kituo hakitajua." Hapo mtazamaji ameshaona pengo, naye anangoja kuona litakavyozibwa.

Onyesho, sekunde 75. Hapa ndipo skrini inapofanya kazi. Msimulizi hufungua ukurasa wa mgonjwa wa kubuni, hubonyeza "Safari", huchagua tarehe, na skrini huonyesha siku 42. Mtabibu huthibitisha. Kisha skrini ya simu ya kawaida huonyesha ujumbe mfupi aliopokea mgonjwa. Mwisho huonekana orodha ya wasiorudi. Ni matendo manne tu. Ukurasa wa kuingia, wa mipangilio na wa ripoti huachwa, hata kama ulichukua muda mrefu kuutengeneza.

Ushahidi, sekunde 30. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.3 duniani wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Takwimu hiyo inaonyesha ukubwa wa tatizo, lakini haionyeshi kwamba programu inafaa. Kinachomsaidia jaji ni hesabu ya kituo husika: kati ya wagonjwa walioandikishwa, wangapi walirudi katika tarehe zao kabla ya programu, na wangapi baada yake. Hesabu hiyo itolewe kwa idhini ya mganga mfawidhi, kwa jumla, bila majina. Ikiwa jaribio lilihusu watu wachache kwa muda mfupi, isemwe hivyo. Namba ndogo ya kweli hupokelewa vizuri kuliko asilimia kubwa isiyo na maelezo.

Fedha, sekunde 25. Katika huduma za afya, mtumiaji, mwamuzi na mlipaji mara nyingi ni watu watatu tofauti. Anayebonyeza kitufe ni muuguzi, anayeidhinisha matumizi ni uongozi wa kituo au timu ya usimamizi wa huduma za afya ya halmashauri, na anayelipa anaweza kuwa halmashauri, bima, duka la dawa au mfadhili. Video itaje wote watatu. Gharama nayo ionyeshwe kwa hesabu inayofuatika. Wagonjwa 200, kila mmoja akipokea ujumbe miwili kwa mwezi, ni ujumbe 4,800 kwa mwaka. Idadi hiyo ikizidishwa kwa bei ya ujumbe mmoja, mtazamaji hupata gharama halisi, naye hatambui kwamba hesabu ilikuwa nyepesi kiasi hicho mpaka aione.

Ombi, sekunde 20. Video nyingi huishia kwenye shukrani bila kuomba kitu. Ombi litaje kiasi kinachohitajika, muda na matokeo yatakayopatikana, kwa mfano fedha za kukijaribu kifaa katika zahanati tatu kwa miezi sita. Jaji anayemaliza kutazama bila kujua anaombwa nini hawezi kukubali.

Kumlinda mgonjwa mbele ya kamera

Skrini ya kazi ya mhudumu wa afya hutofautiana na ya mfanyabiashara mwingine. Ndani yake kuna majina, umri, vijiji, namba za simu na magonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Kwa taarifa za Virusi vya Ukimwi, sheria mahususi ya mwaka 2008 inasisitiza usiri. Mbali na sheria, kuna ukweli wa maisha ya kijijini: jina likishaonekana katika video iliyosambazwa kwa simu, haliwezi kurudishwa. Mtu anaweza kupoteza ajira, ndoa au heshima yake kwa sababu ya sekunde mbili za picha.

Njia salama ni kutorekodi kabisa mfumo wenye taarifa halisi. Itengenezwe nakala ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni, na video irekodiwe humo. Taarifa za kubuni ziwe na sura ya kweli: umri unaoaminika, tarehe zinazofuatana na vipimo vinavyolingana na ugonjwa. Orodha yenye "Mgonjwa A" na "Mgonjwa B" inatosha, na maandishi madogo yaseme wazi kwamba taarifa hizo ni za mfano. Namba ya simu inayoonekana iwe ya timu yenyewe, kwa sababu namba iliyotungwa kwa kubahatisha inaweza kuwa ya mtu halisi.

Wengine hurekodi mfumo halisi, kisha huyafunika majina kwa ukungu. Njia hii ina hatari tatu. Kwanza, fremu moja iliyosahauliwa inatosha kumfichua mtu. Pili, ukungu mwepesi huweza kusomeka au kukisiwa. Tatu, jina si kitambulisho pekee. Mwanamke wa miaka 71, mkazi wa kijiji fulani kidogo, mwenye ugonjwa adimu, hutambuliwa na jirani zake hata kama jina lake halipo.

Kuna pia milango midogo ya uvujaji isiyohusu programu inayoonyeshwa. Ujumbe wa WhatsApp huweza kuchomoza juu ya skrini katikati ya rekodi. Kivinjari huweza kukumbuka jina lililowahi kuandikwa na kulipendekeza. Jina la faili pembeni mwa skrini huweza kusomeka "Orodha ya CTC Machi". Kabla ya kurekodi, simu iwekwe katika hali ya kutosumbuliwa, mafaili ya mezani yaondolewe, na kivinjari kifunguliwe kwa akaunti mpya isiyo na kumbukumbu. Baada ya kurekodi, mtu ambaye hakushiriki aitazame video kwa mwendo wa polepole, bila sauti, akitafuta jambo moja tu: taarifa ya mtu halisi.

Ujumbe mfupi unaoonyeshwa katika video huonyesha pia maadili ya timu. Katika kaya nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Ujumbe unaosema "Usisahau dawa zako za shinikizo la damu" umetangaza ugonjwa kwa yeyote aliyeshika simu. Ujumbe unaosema "Kumbuka miadi yako ya tarehe 14" umefikisha habari bila kuitoa siri. Jaji makini ataiona tofauti hiyo, na mgonjwa ataiona kabla yake.

Kilichopo na kisichokuwepo bado

Video ya skrini hushawishi kwa sababu huonekana kama ushahidi. Kwa sababu hiyohiyo inaweza kudanganya. Ni rahisi kutengeneza kurasa zinazofanana na programu kamili wakati nyuma yake hakuna kitu. Kuonyesha mchoro wa kitu kinachokusudiwa si kosa, mradi mtazamaji aambiwe. Kosa ni kumwacha aamini kwamba kinafanya kazi.

Katika afya, uongo wa namna hiyo humfikia mgonjwa. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilijinadi kuwa na mashine iwezayo kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu. Uwezo huo haukuwepo kama ulivyotangazwa. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji mwezi Januari 2022, na baadaye mwaka huo alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kabla ya kufika mahakamani, watu walikwisha kupokea majibu ya damu wasiyopaswa kuyategemea.

Kwa hiyo timu iandike orodha mbili kabla ya kurekodi: yanayofanya kazi leo, na yanayokusudiwa. Katika mfano wa zahanati, kitufe cha "Safari" kinafanya kazi, ilhali kuunganishwa na mfumo wa bima bado ni kusudio. Msimulizi atumie wakati uliopo kwa la kwanza na wakati ujao kwa la pili. Ikiwa kifaa kinapima au kubaini ugonjwa, video iseme kimefikia hatua gani kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikiwa taarifa za wagonjwa zilikusanywa kwa utafiti, kibali cha maadili kitajwe. Ikiwa wazo linahusu upatikanaji wa dawa, lieleze uhusiano wake na Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake Tabora, ili jaji asidhani kwamba mbunifu haijui njia iliyopo.

Kurekodi kwa vifaa vilivyopo

Maandalizi huanza kwa maandishi. Maelezo ya msimulizi yaandikwe yote, yasomwe kwa sauti na kupimwa kwa saa. Kwa dakika tatu, maneno 300 yanatosha, kwa kuwa skrini inahitaji pia nafasi ya kutazamwa kimya. Sentensi ziwe fupi. Istilahi ya kitaalamu ikitumika, ifafanuliwe mara moja, kisha ibaki ileile hadi mwisho.

Sauti huamua ubora wa video kuliko picha. Mtazamaji huvumilia picha isiyong'aa, lakini huacha kutazama sauti inapokwaruza. Chumba chenye mapazia, nguo au godoro hupunguza mwangwi. Kipaza sauti cha waya wa masikioni, kikiwa kimeshikwa karibu na mdomo lakini pembeni kidogo, huwa bora kuliko kile cha kompyuta. Chini ya paa la bati, rekodi haiwezekani mvua inaponyesha, na feni huingia katika sauti hata isiposikika kwa sikio. Alfajiri au usiku ni nyakati tulivu zaidi.

Kwenye skrini, maandishi yakuzwe mpaka yasomeke kwenye simu ya mkononi, kwa kuwa baadhi ya majaji watatazamia huko. Kishale kisogezwe polepole, na kisimame kabla ya kubonyeza. Anayerekodi asizungushe kishale ovyo wakati anaongea, kwa sababu macho ya mtazamaji hukifuata kishale kama msafara ulivyomfuata kirangozi. Sehemu inayozungumziwa ikuzwe au izungushiwe duara. Muziki wa nyuma uachwe. Manukuu yaandaliwe kwa namna ambayo mtazamaji anaweza kuyawasha au kuyazima, ili asiyesikia vizuri au anayetazama bila sauti asiachwe nje.

Ukubwa wa faili nao ni suala la mtandao. Video inayotumia kilobiti 1,000 kwa sekunde, ikidumu dakika tatu, huwa na ukubwa wa megabaiti zipatazo 22, na kwa picha za skrini zisizo na mwendo mwingi kiwango hicho hutosha kwa ubora wa mistari 720. Faili la aina ya MP4 hufunguka karibu katika kila kifaa. Likipandishwa YouTube, ieleweke kwamba video "isiyoorodheshwa" huweza kutazamwa na yeyote mwenye kiungo. Hali hiyo si siri. Aidha, sheria ya hakimiliki hulinda programu iliyoandikwa, lakini hailindi wazo tupu. Anayekusudia kuomba hataza apate ushauri kabla ya kulitangaza wazo hadharani.

Nafasi ya mgonjwa

Wakati mwingine timu huona kwamba maneno ya mgonjwa halisi yataipa video uzito, nayo humwomba azungumze. Ombi hilo linatoka kwa mtu anayempa dawa, hivyo si rahisi kulikataa. Mgonjwa anayeombwa ana haki ya kuuliza video itatazamwa na nani, itakaa wapi, kwa muda gani, na kama kuna atakayelipwa kutokana nayo. Ana haki ya kuomba sauti yake tu itumike, jina lake libadilishwe, au aione video kabla haijatumwa. Ana haki ya kukataa, na huduma yake isibadilike kwa namna yoyote. Ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa. Kwa mzee asiyejua kusoma, maelezo yatolewe kwa Kinyamwezi au lugha yake nyingine mbele ya shahidi anayemwamini.

Mchango mkubwa zaidi wa mgonjwa, hata hivyo, ni kabla ya rekodi. Aonyeshwe programu, aulizwe kama ujumbe wa simu unaeleweka, kama tarehe zinaendana na msimu wake, na kama angependa jirani auone. Wazo la mfano wa "Safari" lisingeweza kuzaliwa bila mtu kumsikiliza mfugaji nyuki akieleza kwa nini harudi kliniki.

Kabla ya kutuma

Video iliyokamilika ijaribiwe kwa watu watatu: mmoja wa afya, mmoja asiye wa afya, na mmoja mwenye umri wa mzazi. Kila mmoja aitazame mara moja tu, kisha aulizwe maswali matatu: tatizo ni la nani, programu inafanya nini, na timu inaomba nini. Asiulizwe kama ameipenda, kwa kuwa kwa heshima atajibu ndiyo. Anapokosea jibu, kosa ni la video, si lake, nayo sehemu hiyo irekodiwe upya. Video iliyogawanywa katika vipande vinne au vitano vya rekodi hurekebishika kwa urahisi, kwani kipande kimoja hubadilishwa bila kuyarudia mengine.

Kunadi wazo kwa video ya skrini hakuhitaji studio, mtangazaji wala fedha nyingi. Kunahitaji tatizo lililochunguzwa vizuri, tendo moja linaloonekana, hesabu ya kweli na ombi lililo wazi. Mhudumu anayeyatimiza hayo huku jina la kila mgonjwa likibaki kituoni ameshamwonyesha jaji jambo la msingi kuliko programu yenyewe: kwamba watakaoitumia huduma hiyo watakuwa salama mikononi mwake.